Uzamivu wa michezo na utengamao: anzia kwa msimamizi

Dada, umesema una uzamili wa fiziotherapia, uko hospitalini Moshi, na unatamani uzamivu (PhD) wa sayansi ya michezo, mazoezi na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ila hujui pa kuanzia.

Fomu iache kwanza, tafuta msimamizi. Uingereza uzamivu kwa kawaida ni utafiti mtupu wa miaka mitatu hadi minne, kwa hiyo asiyevutiwa na swali lako hatakufaa hata awe na jina kubwa. Soma makala zake mbili tatu, kisha mwandikie barua pepe fupi. Ukimwambia "napenda kutafiti majeraha" hatajibu, na mimi simlaumu. Mwambie hivi: majeruhi wa bodaboda waliovunjika paja wakisharuhusiwa, ni mazoezi gani wanayaweza nyumbani bila vifaa, na kwa nini wengine hawarudi kliniki? Hapo una wagonjwa ambao yeye hawapati kirahisi. Hiyo ndiyo turufu yako.

Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa mno kujilipia. Angalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na kazi usiiache kabla barua ya ufadhili haijafika mkononi. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho usikidharau. Sayansi ya mazoezi ina mizizi pale tangu enzi za Tim Noakes, mwanasayansi wa mazoezi wa Afrika Kusini.

Ukikusanya takwimu Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na mtafiti aliyesajiliwa chuo cha nje aulize mapema kuhusu kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Viweke kwenye ratiba ya andiko lako la utafiti tangu mwanzo.