Uliza Ujibiwe: Roboti langu linazima katikati ya vita

Safari hii karibu kila aliyeandika anauliza kuhusu MechWarrior Online, gemu ya bure ya kompyuta iliyotoka 2013, ile unayokaa ndani ya roboti kubwa la vita na kupigana kwa timu. Nimechagua maswali manne.

SWALI: Mambo vipi mtaalam. Mimi nimezoea gemu za bunduki, sasa huku nimeingia hata kutembea tu kunanishinda. Naangalia kushoto roboti linaenda kulia, nagonga majengo, nikija kutulia nimeshapigwa. Gemu ina kasoro au ni mimi?

JIBU: Poa ndugu. Gemu haina kasoro, ila bado unacheza kama mtu mwenye bunduki. Hapa miguu na kiwiliwili ni vitu viwili, fikiria kifaru cha jeshi, chini kinaenda huku na juu mzinga unaangalia kule. Kibodi inaongoza miguu, kipanya kinageuza kifua, kwa hiyo ukiangalia pembeni halafu ukabonyeza mbele, litaenda miguu ilikoelekea, sio unakoangalia wewe. Kuna kitufe cha kurudisha kifua kwenye uelekeo wa miguu na kingine cha kuleta miguu kwenye uelekeo wa kifua, vitafute kwenye setingi uvijue kwa kidole bila kuangalia. Alafu ingia uwanja wa mazoezi, hakuna anayekupiga kule, tembea mstari ulionyooka huku kifua umekigeuza kulia, kisha kushoto, bila kufyatua kitu. Inaboa sana najua lakini ndo gemu yenyewe hiyo.

Maana faida yake ni hii: ukishafyatua silaha zinahitaji sekunde kadhaa kujiandaa tena, na wageni wengi sekunde hizo wanabaki wamemtumbulia adui macho. Usifanye hivyo. Piga, geuka pembeni risasi zake zikutue begani au mkononi, rudi, piga tena. Kifua cha kati kikitoboka umekwisha hata kama mikono yote mizima, na mgongo ndo usiuonyeshe kabisa, deraya ya huko ni nyembamba. Kama silaha zako kubwa ziko upande wa kulia basi wa kushoto ndo ngao, ila kumbuka kifua cha pembeni kikivunjika mkono wa upande huo nao unaondoka.

SWALI: Nikipiga leza zote pamoja adui anaumia kweli, ila roboti langu linazima lenyewe nabaki nimesimama kama sanamu wananimaliza. Nifanyeje?

JIBU: Joto hilo. Kila silaha inaongeza joto, leza na PPC (mizinga inayorusha chembe za umeme) zinaongeza sana, mizinga ya risasi inaongeza joto dogo ila yenyewe risasi zinaisha. Kipimo kikifika asilimia 100 mtambo unajizima. Kosa ni kuweka silaha zote kwenye kitufe kimoja, zigawe, za mbali kitufe chake, za karibu chake, na silaha za aina moja zikiwa nyingi usizifyatue zote kwa mpigo coz gemu inakutoza joto la adhabu juu ya lile la kawaida. Piga nusu, subiri kama nusu sekunde, piga zilizobaki. Angalia na ramani pia, yaani uwanja mnaopigania, Terra Therma ni ya volkano joto linashuka taratibu mno, Frozen City kuna barafu unaweza kujiachia kidogo. Kuna kitufe cha kulazimisha lisizime, mi nasema kiguse tu pale unapojua unakufa hata hivyo, maana ukipita 100 roboti linaanza kujiunguza lenyewe kwa ndani.

SWALI: Nimeweka akiba ya hela za gemu, ninunue Atlas la tani 100?

JIBU: Subiri kwanza. Ni zuri na linatisha ila ni zito, timu inahama wewe bado unavuta miguu, mwepesi mmoja wa tani 35 anakuzunguka mgongoni na hauwezi kugeuka kwa wakati. Anza na la kati, tani 50 au 55, na kabla ya kununua chochote cheza yale ya majaribio yanayotolewa bure.

SWALI: Nabeba makombora ya LRM (yale ya masafa marefu), mbona mtu akinisogelea hayamfanyi kitu?

JIBU: Kwa sababu mengi ya wanayoanza nayo wageni hayana nguvu chini ya mita 180, yametengenezwa kwa ajili ya mbali. Beba na leza mbili tatu za ukubwa wa kati za kujilinda, na usijifiche nyuma peke yako kilometa nzima, tembea na wenzako hatua chache nyuma yao, hapo akija mtu unasaidiwa. Halafu bonyeza R kila unapomwona adui, wengi hawabonyezi sijui kwa nini. Mwenzako anaweza kurusha makombora kwa adui unayemwona wewe tu, na pembeni ya skrini yako itatokea picha ya roboti lake, sehemu iliyogeuka nyekundu imeharibika sana, ipige hiyo hiyo usihangaike na kwingine.