Barua taka zinazokuja kwa jina la mwenyekiti

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wahitimu wa shule yetu. Tuna anwani moja ya barua pepe. Ukituma ujumbe hapo unawafikia wanachama wote. Inaendeshwa na programu ya Mailman. Siku hizi tunamwagiwa matangazo ya kamari na mikopo ya ajabu ajabu, mengine kwa jina na anwani ya mwenyekiti wetu. Nimemwondoa kwenye kundi lakini bado yanakuja vilevile. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, kwanza mrudishe mwenyekiti, maana huenda hana habari. Jina la mtumaji katika barua pepe ni kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha: mtu huandika analotaka. Ila kumwondoa kumetufunulia jambo. Ikiwa anwani isiyo ya mwanachama bado inapitisha ujumbe, basi kundi lenu linapokea barua za yeyote yule. Mlango uko wazi hapo.

Ingia kwenye ukurasa wa msimamizi, sehemu ya vichujio vya watumaji, uamuru ujumbe wa wasio wanachama uzuiliwe hadi uukague. Wanachama wapya nao wawekewe kizuizi hicho mpaka ujumbe wao wa kwanza uonekane ni wa mtu kweli. Matapeli wengi siku hizi hujiunga kwanza, wakatulia, ndipo wakamwaga uchafu wao. Anwani ya mwenyekiti pia iwekee kizuizi kwa muda.

Barua taka zikishanasa, zitupe kimyakimya. Usichague ile njia ya kuzikataa kwa taarifa, kwa sababu taarifa humrudia mwenye anwani iliyoghushiwa, na seva yenu, yaani mashine inayopokea na kusambaza barua zenu, inaweza kuishia kwenye orodha nyeusi ya watumaji wanaozuiwa kwa kuwasumbua watu wasiohusika.

Kabla ya kuzitupa, fungua moja uone vichwa vyake kamili, yaani mistari ya juu inayoonyesha njia ambayo ujumbe umepitia. Tafuta mstari ambao seva yenu iliandika ilipoupokea ujumbe kutoka nje. Mstari huo una namba ya IP, yaani namba ya utambulisho mtandaoni, ya mashine iliyouleta ujumbe. Mistari iliyo chini ya huo usiiamini, inaweza kuwa ya kubuni. Ukikuta namba ni ya kampuni inayomhudumia mwenyekiti barua pepe, basi kuna uwezekano akaunti yake imeingiliwa: abadili nywila, kisha akague kama kuna amri ya kupeleka barua zake kwingine.

Utachoka kidogo mwanzoni. Wenzako wengi wamejiunga kwa anwani ya kazini, halafu wanaandika kwa Gmail ya simuni, kwa hiyo watanaswa wao kabla ya matapeli. Kila unayemtambua, ongeza anwani yake ya pili kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Kuchuja kwa maneno sikushauri. Ukizuia neno “mkopo”, utamzuia mweka hazina wenu.