Karatasi ya pH imesoma 7. Kifusi ki salama?

SWALI: Tunasawazisha rundo la zamani la magwangala (mawe taka ya mgodi) na marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu) huku Geita kabla ya kulifunika udongo. Msimamizi kachovya karatasi ya pH (kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali) kwenye tope, ikasoma 7. Anasema mzigo hauna tindikali, tujazie hata barabara. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji. Tope linaonyesha tindikali iliyokwisha kutokea, inayokuja halioni. Pairaiti, yale madini ya njano yanayowadanganya wengi kuwa ni dhahabu, hutoa tindikali yakikutana na hewa na maji. Jiwe likiwa na chokaa kidogo, 7 husimama hata miaka, chokaa ikiisha pH huporomoka.

Hata kipimo hicho kina utaratibu wake: gramu 20 za mchanga, mililita 20 za maji safi ya kuongezea betri (someni lebo, maana asidi ya betri hukaa rafu ileile). Maji ya kisima yaweza kupandisha pH.

Kinachoamua ni kipimo cha peroksaidi ya haidrojeni, inayoila pairaiti upesi na kuonyesha tindikali inayokuja. Chimbeni nusu mita na zaidi, kwa kuwa juu kwenye kutu pairaiti huenda imeshaliwa. Osheni karasha (mashine ya kusaga mawe) kwanza, mabaki ya jana yasiingie, kisha sageni sampuli iwe laini kama poda. Gramu 2.5 ziingie kwenye chupa ya maabara ya mililita 500, mmimine mililita 250 za peroksaidi ya 15%. Vaeni glavu na miwani, kazi ifanyike penye hewa. Chupa ilale wazi usiku kucha. Mkiiziba, gesi itaipasua. Asubuhi chemsheni taratibu kwa muda wa saa mbili hivi hadi vipovu vya peroksaidi viishe, ipoe, mpime pH. Chini ya 4.5, mzigo huo ni wa tindikali.

Wengi hukosea kwenye peroksaidi yenyewe. Kiwandani hutiwa asidi kidogo isiharibike, kwa hiyo ipimeni kabla. Ikiwa chini ya 4.5, ipandisheni hadi 4.5 kwa matone ya magadi makali (kostiki soda) yaliyozimuliwa. Penye shaba nyingi, chupa hufoka haraka na peroksaidi huisha kabla ya kuila pairaiti yote, nanyi mkapata pH nzuri ya uongo. Mwageni maji, mrudie unga uleule kwa peroksaidi mpya. Mizizi na majani nayo huchachua matokeo bila salfa yoyote, yatoeni.

Sampuli chache zipelekeni maabara zipimwe salfa: kila 1% ya salfa iliyo kwenye pairaiti yaweza kuzaa kilo 30.6 za asidi ya salfuriki kwa tani. Barabara isubiri majibu hayo.