Umesomea mimea, kazi ya bustani utaiweza?

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama shahada yako ya botania itakupatia kazi kwenye bustani ya mimea, na kama kazi yenyewe ni kumwagilia maua tu. Mimi niko Unguja kwenye kazi hii tangu nywele zangu zote nyeusi. Nikwambie nilivyoiona.

Kumwagilia wapo vijana wa shamba, na wengi wao wanaijua miti kuliko sisi wenye vyeti, kwa hiyo kaa nao. Wewe utaajiriwa kwa ajili ya daftari. Kila mmea una nambari, na kwa nambari ile lazima ijulikane mbegu ilitoka pori gani, aliichukua nani, na lini. Bila ya hayo bustani ni pahala pazuri pa kupunga upepo, basi.

Chukua mpapindi, mti wa jamii ya minazi wa huko kwenu msitu wa Ngezi. Kwa asili unaota Pemba tu, jamaa zake wengi wako Madagaska. Vitabu vingi vinauita Dypsis pembana, lakini mwaka 2022 wataalamu waliurudisha kwenye jina lake la awali, Chrysalidocarpus pembanus. Kibao kiandikwe upya, daftari lirekebishwe, na jina lililoachwa libaki pembeni ili anayelitafuta asipotee. Kama hayo yanakuchosha, bora ujue mapema.

Kisha kuna watu, na hapa ndipo mimi napata raha. Watoto wa skuli usiwaanze kwa Kilatini. Nawasimamisha kwenye mikungumanga miwili, nawauliza kwa nini huu umejaa matunda na ule haujawahi kuzaa. Wananung'unika, wanabishana, mwisho atatokea mmoja: "Kama mpapai dume!" Ndivyo khasa. Hapo tena nawapasulia tunda waone basbasi nyekundu ilivyoikumbatia mbegu, viungo viwili ndani ya tunda moja.

Watu wazima wanapenda vanila. Asili yake Meksiko, na wadudu wanaoichavusha huko kwao huku hawapo, kwa hiyo kila ua linachavushwa kwa mkono, tena siku ile ile linapofunguka. Ukishawaeleza hivyo, hakuna anayelalamikia bei.

Nafasi ni chache, sikufichi. Jaribu kilimo, misitu, vyuo, hata mashamba ya viungo ya watu binafsi; watembeza wageni wa huko watakushinda kwa maneno, usione haya kujifunza kwao. Huku unasubiri, bana vielelezo vyako, yaani sampuli za mimea za kukausha, kwenye magazeti na uyabadilishe kila siku, maana masika yetu hayachelewi kuleta ukungu. Lebo iandikwe siku ile ile. Ukenda kuomba kazi, fungua vielelezo hivyo mezani kabla ya cheti.

Ngezi ni hifadhi, usikate kitu bila kibali cha idara ya misitu. Ukikipata na ukataka mpapindi, upige picha mti mzima kwanza, kisha ukate jani vipande uvipe nambari kwa mpangilio, kwani jani zima haliingii kwenye karatasi yoyote.