Andika ulichokiona kwanza: kompyuta, ubunifu wa kidijitali na kazi ya uwandani na watoto

Anayesoma kompyuta, ubunifu wa kidijitali na malezi ya watoto katika shahada moja huhisi amejitwika mizigo mitatu isiyojuana. Lakini kosa linalowapunguzia wengi alama katika kozi zote tatu ni lilelile: mwanafunzi anaruka alichokiona na kuandika alichokifikiria. Udugu wa fani hizi si wa jana. Seymour Papert alifanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa ukuaji wa watoto, huko Geneva kabla ya kushiriki kuunda Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto, mwaka 1967.

Tuanze na uwandani, maana huko hakuna marudio. Programu ikikwama utaiendesha tena. Asubuhi ya watoto ikipita imepita.

Tazama maandishi haya: “Mtoto alikuwa mkorofi, akamnyang’anya mwenzake gari kwa hasira.” Ukorofi ni hukumu, hasira ni dhana. Msomaji hana namna ya kuzipima. Sasa tazama haya, ambapo M1 na M2 ni alama za watoto badala ya majina: “Saa 4:14. M1 ameshika gari mkono wa kulia. M2 ananyoosha mkono, anavuta gari kwa nyuma. M1: ‘Bado.’ M2 anaachia, anatazama gari kama sekunde 5, anaenda kwenye matofali ya mbao.” Huyo mkorofi ametoweka. Aliyebaki ni mtoto aliyeomba zamu kwa mkono, akakataliwa, akakubali.

Piga mstari wa wima kwenye kila ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto, theluthi mbili za ukurasa, ni wa ulichokiona na kukisikia. Wa kulia ni wa maoni na maswali yako. Ukiwa na watoto andika kwa vifupisho, kisha vifungue siku ileile. Saa moja ya kutazama hula saa mbili au zaidi za kuandika vizuri, na ratiba isiyozitenga ndiyo inayozaa ripoti za kubuni. Kesho yake “M2 kav. nym.” haitakuambia chochote.

Jicho nalo lina upendeleo, humfuata mtoto mwenye makelele. Mildred Parten, aliyechapisha utafiti wake maarufu wa michezo ya watoto mwaka 1932, alimtazama kila mtoto kwa dakika moja moja. Njia hiyo bado inafaa: andika orodha ya watoto kwa mpangilio wa kubahatisha, mtazame wa kwanza dakika 1, andika, nenda kwa wa pili. Usikatishe zamu eti kuna jambo la kuvutia kona ya pili. Siku inayofuata badilisha mpangilio, la sivyo watoto walewale watatazamwa kila mara karibu na saa ya chakula, wakiwa wamechoka. Ila kwa tukio la nadra, kama ugomvi, njia hii haifai kwa sababu litakupita. Hapo subiri tukio lenyewe na uandike kilichotangulia, kilichotokea na kilichofuata.

Mkiwa wawili mnaotazama pamoja, mtatakiwa kuonyesha mmekubaliana kiasi gani. Hapa asilimia huwadanganya watu vibaya. Chukua vipindi 60 vifupi. Wewe umeona tabia fulani katika vipindi 3, mwenzako naye katika vipindi 3, lakini si vilevile. Mmetofautiana mara 6, mmekubaliana mara 54, yaani asilimia 90. Inapendeza, sivyo? Na hamkukubaliana hata mara moja kwamba tabia ile imetokea. Kwa tabia za nadra tumia kipimo cha kappa cha Cohen, kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, na kabla ya kuanza tena kaeni chini muandike tabia hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi.

Daftari likihamia kwenye kompyuta, kinachoharibu data zaidi ni sifuri. Mtoto aliyekuwepo asicheze na wenzake anapata 0. Mtoto ambaye hakuja kabisa anaachiwa kisanduku kitupu. Ukimwandikia naye 0, mwenye 6 Jumatatu na 6 Jumatano, aliyekosa Jumanne, atapata wastani wa 4 badala ya 6, na hakuna programu itakayokushtua, kwa kuwa hesabu yenyewe ni sahihi. Namba za utambulisho ziwekwe kama maandishi tangu mwanzo. Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, hupenda kugeuza 007 kuwa 7. Tarehe andika kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Faili la asili usiliguse, fanyia kazi nakala.

Kwenye programu kanuni ni ileile, soma kilichoandikwa kabla ya kukisia. Python, lugha ya programu, ikikwama hutoa mistari mingi: anza na wa mwisho unaotaja aina ya kosa, halafu panda juu utafute jina la faili na namba ya mstari. Badilisha kitu kimoja tu, endesha, tazama. Ukibadilisha vitu vitano na programu ikakubali, hujui kipi kilichoiponya. Kumbuka pia kwamba orodha ya watoto 20 huhesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo wa mwisho ni 19. Na usilinganishe desimali kwa alama ya usawa, maana 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004 badala ya 0.3.

Ubunifu, kwa maoni yetu, ujaribiwe kwenye karatasi kabla hujafungua programu ya kuchorea: chora skrini, mpe mtoto, tazama kidole kinakwenda wapi. Usimuulize kama amependa. Watoto wengi hujibu ndiyo ili kumridhisha mtu mzima. Mwambie, “Nionyeshe ungefanyaje.” Asiyejua kusoma hatasaidiwa na kitufe chenye neno tupu, na kitufe cha pembeni kabisa kitabonyezwa na kidole gumba kilichoshika kifaa. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma yake. Kijivu hafifu juu ya nyeupe huanguka hapo.

Ridhaa ya mzazi au mlezi iwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, na maombi ya kibali cha utafiti yatumwe mapema kwa kuwa mara nyingi hurudishwa na maswali. Orodha inayounganisha M1 na jina halisi isikae folda moja na daftari. Ridhaa ya mzazi, hata hivyo, si ridhaa ya mtoto. Mtoto wa miaka 3 hatasema “sishiriki”. Atakugeuzia mgongo, ataficha mchoro kwa mikono miwili, au atahama kila unaposogea. Hapo weka kalamu chini, geuza kiti, na baadaye andika saa uliyoacha na alichofanya.