Fundi Saa Anajibu: Saa ya babu, Kiarabu dirishani

Fundi, shikamoo. Niko Newala. Babu alipofariki niliachiwa saa yake, Seiko 5 ya otomatiki, uso wa buluu. Bibi anasema aliinunua Dar mwaka wa Operesheni Vijiji, 1974. Fundi mmoja huku anataka shilingi 45,000: servisi, polishi ya bodi na uso mpya. Jirani yangu anasema nisitupe hela, saa ni feki, kwa sababu dirisha la siku linaandika Kiarabu na kifundo cha pembeni ukikizungusha hakijazi kitu. Nyuma imeandikwa 6119 na tarakimu nne nyingine, halafu kuna namba inayoanza na 3N. Nitajuaje kama ni orijino kabla sijaitoa? – Mjukuu, Newala

Marahaba, mjukuu. Korosho zimelipwa, eh? Nauliza kwa sababu barua za namna hii huniandama kila msimu wa minada. Mtu akishika hela anaikumbuka saa iliyolala kabatini miaka kumi, na anataka irudi inang'aa kama sufuria jipya.

Tuanze na jirani. Kiarabu dirishani hakiifanyi saa kuwa feki. Seiko walitengeneza sahani za siku za lugha mbili kufuatana na soko: Kiingereza na Kiarabu, Kiingereza na Kihispania, na za kwao zenye maandishi ya Kijapani. Hiyo yako ilikusudiwa nchi za Kiarabu, ikapita mikono miwili mitatu, ikafika Dar. Pwani hii na Ghuba wameuziana vitu tangu enzi za majahazi, sasa saa moja ya mkono itushangaze nini? Peleka akrabu (mishale) mbele taratibu zivuke saa sita usiku, utaona siku ikitokea kwa lugha moja, kisha baadaye ikaruka kwenye lugha ya pili. Na kuhusu kutojaza, mashine ya 6119 haina kabisa kutiwa ufunguo kwa mkono. Inajazwa na kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka ndani unapotembeza mkono. Itikise polepole nusu dakika, uiweke sikioni.

Sasa zile namba. 6119 ni jina la mashine, na nne zinazofuata ni za bodi, yaani ganda la nje. Ile namba ya 3N ndiyo cheti cha kuzaliwa: alama ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Januari mpaka Septemba ni 1 mpaka 9, halafu O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo 3N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Mwaka 1963 mashine ya 6119 haikuwepo, na 1983 ilikwishaachwa. Ni Novemba 1973, na babu akainunua 1974. Bibi yako msikilize, kumbukumbu yake iko sawa.

Lakini namba hizo ziko kwenye mfuniko wa nyuma, na mfuniko hushuhudia mfuniko tu. Mifuniko huhama. Hapa kwenye meza yangu Mtwara nimefungua saa zilizoandikwa 6119 nyuma, ndani nikakuta mashine ya 7009. Hata kiwanda si kimoja: 6119 ilitoka Suwa, 7009 ilitoka Daini, zote Seiko. Kila kipande ni cha kweli, ila saa yenyewe ni ya mseto. Ndiyo maana swali la "orijino au feki" huwa nalivunja vipandevipande: mfuniko, mashine, uso, akrabu, bodi, kila kimoja kijieleze.

Uso ndio uangalie kwa muda mrefu, na hauhitaji kufungua chochote. Nenda mlangoni asubuhi, azima lenzi, au tumia kamera ya simu ukuze. Pinda saa kidogo kidogo kwenye mwanga. Uso wa buluu wa enzi hizo mara nyingi una miale myembamba inayotoka katikati, na mwanga hutembea juu yake kama kwenye pezi la samaki mbichi. Uliopakwa upya umekufa, umekaa kama bati lililopigwa rangi. Kisha tazama kingo za dirisha la tarehe. Za kiwandani ni kali na safi, za brashi zina rangi iliyojaa pembeni. Shuka chini kabisa, pale kwenye 6, kwenye maandishi madogo kuliko chawa. Panapaswa kuwa na namba ya uso inayoanza na 6119. Ikianza na 7009, uso ni wa saa nyingine. Kama hakuna kitu kabisa, au herufi ni nene huku na nyembamba kule, mtu alikwishaupaka. Nyuso za namna hiyo zimetoka kwa wingi India, nyingine rangi ya chungwa, nyingine kijani cha kasuku.

Kuna kitu kingine kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Seiko waliacha kuandika usoni PROOF (maji hayaingii) wakawa wanaandika RESIST (inahimili maji). Saa ya mwisho wa 1973 yenye uso wa PROOF inanitia wasiwasi.

Baada ya hapo mwambie fundi afungue mbele yako, kwa ufunguo wa mifuniko, si kwa kisu. Soma maandishi ya ndani: lazima pawe na 6119 na idadi ya vito (JEWELS), vile vijiwe vya kupunguza msuguano. Ukikuta 7009A na 17 JEWELS, umeshajua. Uso ukitolewa, angalia vimiguu vyake viwili kwa nyuma. Vikiwa vimekatwa na pana gundi, uso huo ulilazimishwa kwenye mashine isiyo yake. Ndani ya mfuniko geuza kwenye mwanga pia, mafundi wa zamani tulikuwa tunakwaruza tarehe kwa sindano. Unaweza kukuta mwaka ambao babu alikwenda kwa fundi, na hakuna anayeghushi hicho.

Madoa ya kutu usoni yasikutishe. Kwa chumvi ya huku kwetu pwani, saa ya miaka hamsini isiyo na doa ndiyo ninayoitilia shaka.

Nikuambie kosa langu. Nikiwa kijana, mwalimu mmoja wa Mikindani aliniletea saa yenye ukungu usoni. Nikachovya pamba kwenye maji ya sabuni, nikapitisha mara moja, taratibu kabisa. Jina lote lilihamia kwenye pamba, herufi kwa herufi, ningeweza kulisoma. Usoni pakabaki peupe. Yule mwalimu hakunifokea. Alikaa kimya, akalipa, na sikumwona tena.

Kwa hiyo mwambie fundi wako: aoshe mashine, atie mafuta, abadilishe ringi ya mpira, na kioo kama kimepasuka. Uso usiguswe. Bodi isipigwe polishi, ile mistari ya kiwandani na kona kali zikishalainishwa hazirudi. Kila kilichotolewa akurudishie kwenye bahasha. Na bei aipunguze, maana ameondolewa nusu ya kazi.

Fundi, nina saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, ya baba wa baba yangu. Akrabu na namba zina dawa ya kung'aa gizani iliyogeuka kahawia, haing'ai tena. Nataka kuikwangua nipake mpya. – Msomaji, Lindi

Usikwangue. Weka kisu chini kwanza, kisha endelea kusoma.

Mpaka miaka ya 1960 dawa hiyo mara nyingi ilikuwa na radiamu (radium), madini ya mionzi. Mng'ao umekufa kwa sababu unga unaong'aa umechoka. Radiamu yenyewe iko palepale, inachukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Ikiwa ndani ya kioo, afadhali. Vumbi lake likiingia puani au mdomoni ndiyo balaa. Wasichana wa viwanda vya saa Marekani waliokuwa wakipaka dawa hiyo na kuchonga ncha za brashi kwa midomo waliugua mifupa, na baadhi walikufa. Tazama chini ya 6. Ukiona T SWISS T, hiyo ni tritiamu, nyingine ya mionzi iliyokuja baadaye, nayo hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Ukiona SWISS peke yake, ichukulie kuwa ni radiamu.

Dawa hiyo ya kahawia ndiyo ushahidi wako kwamba uso ni wa asili. Ukitaka kujua kama akrabu zilibadilishwa, linganisha rangi: za kahawia kwenye namba na nyeupe kwenye akrabu hazikuzaliwa pamoja. Usifungue kioo nyumbani, usilaze saa chini ya mto, na fundi utakayempelekea mwambie mapema kuna nini ndani, kabla hajapuliza vumbi kwa mdomo kama tulivyozoea.