Jibu: Ni Spitfire au Hurricane?

Habari ndugu. Umekwama na picha ya babu yako ya maonyesho ya ndege: hujui iliyoegeshwa ni Spitfire au Hurricane, ndege za kivita za Waingereza za Vita vya Pili vya Dunia. Anza na magurudumu. Ya Spitfire yamekaribiana, maana hukunjwa kuelekea nje; ya Hurricane yametanuka, hukunjwa kwa ndani.

Mabawa yalinidanganya kwa miaka. Ya Spitfire ni ya duaradufu, sawa, lakini nyingine zilikatwa ncha, na picha ya ubavuni haikuonyeshi kitu. Afadhali mgongo: Hurricane ina nundu, na kitambaa cha nyuma ya rubani huacha mistari ya urefu inayoonekana.

Mngurumo anaoukumbuka mzee usikusumbue, Hurricane na Spitfire nyingi zilitumia injini ileile, Merlin. Kuna namba ubavuni? Iweke hapa.